Risiti ya kakao ina jina la nani?

Butembo hadi Beni, mashariki mwa Kongo, ni kilomita zipatazo 54. Unateremka kutoka baridi ya milimani hadi kwenye joto la migomba na kakao, na mali nayo inabadilika sura. Butembo mali ni duka. Beni ni shamba.

Wafanyabiashara wakubwa wa Butembo, wale wa makontena ya Dubai na Guangzhou, wengi ni wanaume. Sokoni ni kwa akina mama: maharagwe, viazi vya Lubero, unga wa muhogo, mawese. Mtaji wa wengi wao ni likelemba. Kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na kwa zamu mmoja anaondoka na fungu zima. Mkopo mkubwa unadai dhamana ya kiwanja, na kiwanja mara nyingi kimeandikwa jina la mume. Likelemba hudai uaminifu tu, lakini fungu lake ni dogo mno kuwavusha kutoka meza ya soko hadi kontena.

Maji nayo ni vivyo hivyo. Chemchemi ziko bondeni, nyumba ziko juu. Msichana anapanda na bidoni ya njano ya lita 20 mgongoni, ukanda umekaza kwenye paji la uso, wala hakuna anayemlipa. Bidoni hiyohiyo ikipakiwa kwenye chukudu ya kijana, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, ina bei. Sijui nani alipanga hivyo, ila kila mtu anaona ni sawa.

Beni nilisimama kando ya barabara, kwenye mizani ya mnunuzi wa kakao. Mama mmoja alitua gunia. Mnunuzi akakata punje chache kwa kisu, akatazama rangi ndani, akapima, akauliza jina la kuandika kwenye risiti. Mama akataja la mumewe, bila kusita. Kupasua matunda, kuvundika punje kwenye majani ya migomba, kuzigeuza juani kwenye turubai: kazi hizo alizifanya yeye. Shamba ni la baba, mnunuzi akanieleza, kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu.

Kwa desturi ya Wanande, wenyeji wa huku, ardhi huenda kwa watoto wa kiume, kwa kuwa binti ataolewa kwingine. Sheria ya Familia ya 1987 inawapa watoto wote haki sawa ya urithi, lakini sheria hiyohiyo ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mambo ya kisheria. Sharti hilo liliondolewa Julai 2016. Mizani ya barabarani haijapata habari.

Mjane ndiye anayeumia zaidi, na tangu mauaji ya raia yalipoanza Oktoba 2014 wilaya ya Beni ina wajane wengi. Aliyekimbia mauaji hayo Oicha au Eringeti hulima shamba la mtu kwa ujira wa siku.

Hata msaada ulipofika, wanaume na wanawake hawakuingia kwa mlango mmoja. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu 2,287, na zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake, maana ndio wauguzi wa nyumbani. Septemba 2021 tume huru ya Shirika la Afya Duniani ilieleza jinsi wanawake walivyodaiwa ngono ili wapate kazi kwenye mapambano dhidi ya Ebola.

Ndugu wanunuzi wa Beni, daftari mnalo tayari. Ongezeni safu moja tu: jina la mama aliyeleta gunia.