Kovu la bafuni

Kwa miezi minane mama yangu aliamini kwamba kovu lililo juu ya jicho langu la kulia nililipata kwa kuteleza bafuni. Ndivyo nilivyomwambia kwenye simu ya video, siku ya tatu baada ya ajali, nikiwa nimekaa mbali na dirisha ili uvimbe usionekane vizuri. Aliuliza kama sakafu za huku zina marumaru. Nikasema ndiyo. Akaniombea dua, akaniagiza ninunue mkeka wa mpira.

Ukweli ni kwamba nilianguka na helikopta.

Mimi ni mfamasia hapa Uingereza, na nilidunduliza miaka sita kulipia masomo ya urubani. Leseni ya rubani binafsi wa helikopta inataka saa zisizopungua 45 za kuruka, na katika hizo saa 10 uwe peke yako. Mimi zilinichukua 61. Siku nilipofaulu, picha yangu ilizunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kutoka Tanga hadi Muscat, na tangu hapo hakuna aliyeniita tena kwa jina langu. Nikawa Kapteni.

Jumamosi ile nilikodi helikopta ya viti viwili, nikaenda peke yangu kwa rafiki mwenye shamba, safari ya dakika 25. Nilitua kwenye majani kwa idhini yake, tukanywa chai, mvua ikanyesha, ikakatika. Saa tisa alasiri nikaizunguka helikopta kuikagua kama nilivyofundishwa: mafuta, mapangaboi, mkia. Miguu niliitazama juu juu. Helikopta ndogo haina magurudumu. Inakaa juu ya vyuma viwili virefu. Cha kulia kilikuwa kimezama kwenye udongo uliolowa, na majani yamekificha.

Niliwasha, nikasubiri injini ipate moto, nikaanza kuinua wenzo wa mkono wa kushoto, ule unaoifanya helikopta ipande. Mguu wa kushoto ukaachia ardhi. Wa kulia ukabaki. Hapo helikopta haipandi tena. Inazunguka juu ya mguu ulionasa kama mlango kwenye bawaba, na nguvu ileile iliyokusudiwa kuiinua ndiyo inayoibwaga. Ikishapita digrii chache, kusukuma usukani upande wa pili hakusaidii. Dawa ni moja, na mwalimu wangu aliisema mpaka nikachoka kuisikia: ukiona inalala, shusha wenzo taratibu, irudi chini.

Mimi nilivuta juu. Sina maelezo mengine. Mtu akihisi anaanguka, mkono unataka kupanda.

Ilikuwa kufumba na kufumbua. Mapangaboi yalipiga ardhi yakavunjika vipande, nami nikajikuta nimelalia mlango wa kulia, udongo ukiwa pale dirisha lilipokuwa. Nilifunga mafuta, nikazima umeme, nikajikokota kutokea mlango wa kushoto, ambao sasa ulikuwa juu ya kichwa changu. Harufu ya petroli ilikuwa kali. Nilishonwa nyuzi saba, na bega liliniuma mwezi mzima. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Binti yangu wa miaka tisa aliniomba asubuhi ile nimchukue, nikamkatalia kwa sababu alikuwa na madrasa.

Usiku nilimwambia mke wangu jambo moja: Tanga wasijue. Binti yangu nikamfundisha habari ya bafuni. Akauliza, "Kwa hiyo tunamdanganya Bibi?" Nikamjibu kwamba Bibi ana presha.

Kisha nikakaa kujaza fomu. Ajali ya namna hii lazima iripotiwe AAIB, idara ya serikali inayochunguza ajali za ndege hapa, na kwa ajali ndogo mara nyingi ni maelezo ya rubani mwenyewe yanayotegemewa. Wachunguzi hao wanafuata msingi uleule unaofuatwa Tanzania, Kenya na Oman: Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kinachosema kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtwisha mtu lawama. Basi niliandika yote. Kwamba sikuinama kutazama mguu. Kwamba nilivuta badala ya kushusha. Haikuwa rahisi, lakini niliandika.

Ripoti ilitoka baada ya miezi minane, ukurasa mmoja na nusu katika jarida lao la kila mwezi. Haina jina langu. Ina umri wangu, leseni yangu, na saa nilizokuwa nimeruka: 83. Ina mstari wa waliokuwemo: rubani 1, abiria hakuna. Mstari ule niliusoma mara nyingi. Nikawaza kwamba rubani asiyenijua ataisoma, naye kesho atainama kutazama miguu ya helikopta yake. Na mama aliyenizaa bado anazo habari za marumaru.

Nilimpigia Ijumaa baada ya sala. Nikamweleza tangu mwanzo, na ya kiti cha kushoto pia. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Nilijua si bafu," akasema. "Aliyeteleza bafuni akiulizwa mara moja hajibu mara tatu. Lakini sina uso wa kukugombeza, mwanangu. Ramadhani iliyopita nililazwa siku nne. Nikawakataza dada zako wasikwambie, usije ukaacha kazi ukapanda ndege."

Nikaikumbuka Ramadhani ile. Tulizungumza kila siku baada ya futari, kwa sauti tu. Aliniambia bando halitoshi kwa video.

Nadhani nyumba nyingi za wasomaji wa jarida hili zina bafu kama hili langu. Huku tunaficha kufukuzwa kazi, ndoa iliyovunjika, mtoto aliyerudia mwaka. Kule wanaficha ugonjwa na madeni. Kila upande unamhurumia mwenzake, mpaka siku ya msiba ndipo tunaambiana yote kwa pamoja.

Nilimwita binti yangu aje kwenye simu, nikamwambia mbele ya Bibi kwamba nilikosea kumfundisha uongo ule. Yeye akataka kujua tu kama sasa anaruhusiwa kusimulia. Akasimulia, na akaongeza chumvi.

Kabla hatujaagana mama akauliza, "Utaruka tena?"

"Sijui, Mama."

"Ukiruka niambie kabla. Nikikuombea dua, nijue naomba nini."