Kati ya Haraka na Kuchelewa: Funzo la Motaboti za Japani kwa Barabara za Bonde la Ufa

Wahenga waliacha methali mbili ambazo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi hukutana nazo mapema, na ambazo aghalabu humtatiza. Ya kwanza yasema kwamba haraka haraka haina baraka. Ya pili yaonya kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwalimu akiulizwa ni ipi iliyo ya kweli, hujibu kwamba kila methali ina muktadha wake, na kipindi huendelea. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimsaidii mtu ambaye muktadha wake unazidai methali zote mbili kwa mpigo. Dereva wa matatu katika barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, aliye na abiria 14 nyuma yake na lori refu mbele yake, yumo katika hali hiyo kila siku ya Mungu. Akikawia, wenzake watamtangulia kwa abiria wa kituo kijacho. Akiharakisha, huenda wasifike wote.

Nchini Japani upo mchezo ambao umeyachukua maonyo haya mawili ukayafanya kanuni moja, ingawa waanzilishi wake hawakuzijua methali hizi. Mchezo wenyewe ni mashindano ya motaboti. Sheria iliyouhalalisha ilipitishwa mwaka 1951, nchi hiyo ikiwa bado inajikwamua kutoka katika magofu ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na mbio za kwanza zikafanyika Omura, mkoani Nagasaki, mwezi Aprili mwaka 1952. Leo vipo viwanja 24. Serikali za mitaa ndizo ziandaazo mbio, watazamaji huweka dau, na sehemu ya mapato huelekezwa katika shughuli za umma.

Motaboti sita hushindana kwa mizunguko mitatu yenye jumla ya mita 1,800. Kasi yake hufikia takriban kilomita 80 kwa saa, na kila kitu huisha katika muda wa kama dakika mbili. Mwendeshaji haji na chombo chake kutoka nyumbani. Kabla ya mfululizo wa mbio kuanza hupigwa kura, na kila mmoja hupokea chombo na injini iliyomwangukia, iwe njema au goigoi. Tangu mwaka 2012 hata rafadha, yaani lile pangaboi la chuma lisukumalo maji, hutolewa pamoja na injini. Kazi ya mwendeshaji ni kuketi karakanani na nyundo mkononi akiirekebisha mpaka imtii. Siku zote za mashindano waendeshaji hulala katika bweni la uwanjani, na simu zao huwekwa mbali nao, ili asipatikane mcheza kamari wa kuwanong'oneza.

Hata hivyo, uhondo wa mchezo huu umo katika namna unavyoanza. Motaboti hizo hazina breki, kwa hiyo haziwezi kupangwa mstarini zikasubiri mlio wa bastola kama wasubirivyo wakimbiaji. Huukabili mstari zikiwa mwendoni, huku saa kubwa iliyosimikwa kando ya maji ikihesabu. Mwendeshaji anatakiwa kuuvuka mstari baada ya saa kufika sifuri, na kabla ya sekunde moja kwisha. Akivuka mapema, hata kwa kipande kidogo cha sekunde, ameondolewa. Akivuka sekunde hiyo ikiwa imekwisha, ameondolewa vilevile. Katika hali zote mbili, wale walioweka dau kwenye chombo chake hurudishiwa fedha zao. Zaidi ya hayo, aliyetangulia saa husimamishwa kwa siku 30, na akirudia kosa katika kipindi hichohicho huongezewa siku 60. Kwa kuwa hulipwa kwa kushindana, siku zisizo na mbio kwake ni siku zisizo na riziki.

Inafaa msomaji atue hapa na kujiuliza swali moja: pupa ya mwendeshaji mmoja humgharimu nani? Humgharimu mwendeshaji mwenyewe, anayekosa malipo. Humgharimu pia mwandalizi wa mbio, kwa sababu fedha zinazorudishwa kwa watazamaji ni mapato yaliyopotea. Mtazamaji, ambaye ndiye mnyonge katika mpango huo, harudishiwi lawama bali dau lake. Kwa maneno mengine, mambo yamepangwa hivi kwamba hasara ya haraka inamwangukia mwenye haraka na mwajiri wake. Ndiyo maana hakuna mkubwa anayesimama kando ya maji akimhimiza kijana wake ajaribu bahati. Nidhamu ya mwendeshaji haikuachiwa moyo wake pekee. Imeshonwa ndani ya kanuni.

Huenda mtu akauliza: motaboti za Nagasaki na vumbi la Nakuru wapi na wapi? Ni kweli kwamba katika maziwa ya Naivasha na Baringo mashua za injini zipo, lakini kazi yake ni kuwabeba wavuvi na watalii, na viboko wa maziwa hayo hawana habari na mashindano. Mbio za eneo hili ni za nchi kavu. Tangu mwaka 2021, Safari Rally iliporejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya kuwa nje tangu mwaka 2002, kitovu chake kimekuwa Naivasha, na magari yamepita Kedong, Elmenteita, Soysambu na Hell's Gate mbele ya maelfu ya watazamaji. Huko nako Wajapani hawakukosekana. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2025 magari ya Toyota yalishinda kila mwaka, na katika miaka ya 2022 na 2023 yakatwaa nafasi nne za kwanza. Takamoto Katsuta, dereva Mjapani, alikuwa wa pili mwaka 2021 na tena mwaka 2024.

Kijana anayesimama juu ya kichuguu kule Elmenteita huona gari likipaa na vumbi likitanda, akaondoka na imani kwamba dereva bora ni yule asiyejua kuogopa. Asichokiona ni vituo vya kuhakiki muda. Kila dereva wa mbio hizo hupangiwa dakika ya kufika kituoni. Akichelewa, huongezewa sekunde 10 kwa kila dakika aliyochelewa. Akifika kabla ya dakika yake, huongezewa dakika nzima kwa kila dakika aliyotangulia. Kufika mapema, basi, huadhibiwa mara sita zaidi ya kuchelewa. Kanuni ya Omura imo Naivasha pia, ila haitoi vumbi, na kwa hiyo haipigwi picha.

Historia ya Safari yenyewe inalithibitisha jambo hili. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiendesha Datsun, walimaliza wakiwa sawa kwa alama za adhabu. Ushindi alipewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila ya kupata adhabu yoyote. Kadhalika mwaka 2021 Thierry Neuville aliongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, pale kifaa cha kupunguza mtikiso wa gurudumu la nyuma kilipoharibika, akaaga mashindano. Sébastien Ogier, ambaye alikuwa nyuma yake, akashinda. Si kwamba Neuville alikosa kasi. Kasi alikuwa nayo ya kutosha. Lakini njia za Bonde la Ufa hazijawahi kumtuza mtu kwa kasi peke yake.

Yapo mashindano mengine ambayo hayana kombe wala jukwaa, nayo ndiyo yenye wahanga wengi. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba mwaka 2017, karibu na Salgaa, basi na lori ziligongana ana kwa ana, wakafa watu wasiopungua 36. Msiba huo haukuwa wa kwanza katika barabara hiyo. Baadaye njia ya kwenda na ya kurudi zilitenganishwa katika sehemu hiyo, hatua ambayo ni ya kupongezwa. Lakini ukuta hutenganisha magari tu. Hauondoi sababu inayomfanya dereva akimbie.

Sababu hiyo inajulikana. Matatu nyingi hudaiwa na mwenye gari kiasi fulani cha fedha kila jioni, na kinachozidi ndicho cha dereva na makanga. Anayefanya safari nyingi hupata zaidi. Haraka humfaidi mwenye gari, humfaidi dereva, humfaidi makanga, na hata abiria aliyechelewa kazini huishangilia. Wote hawa hufaidi mpaka siku ya ajali, na siku hiyo anayelipa ni abiria. Huu ni mpango wa Omura uliogeuzwa kichwa chini miguu juu: huko haraka humtia hasara mwenye haraka, huku humtia hasara asiye na usukani.

Kanuni za Michuki za mwaka 2004 zilijaribu kuutibu ugonjwa huu kwa mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, kasi ileile ya motaboti za Japani. Nidhamu ilionekana kwa muda, kisha utekelezaji ukalegea, kwa sababu ulimtegemea askari aliye kando ya barabara, ilhali kishawishi kiliendelea kuishi ndani ya gari. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni takriban kilomita 160. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, safari hiyo haiwezi kuchukua chini ya saa mbili, hata kama hakuna foleni na hakuna abiria aliyeshuka. Matatu inayofika kwa pungufu ya muda huo imejishtaki yenyewe. Haihitaji kamera wala shahidi. Vyama vya akiba na mikopo ambavyo matatu hutakiwa kujiunga navyo vina makarani kituoni na vina orodha ya zamu. Vikiandika saa ya kuondoka na saa ya kufika, na gari lililotangulia saa likapoteza zamu yake ya kupakia, haraka itaanza kumgharimu mwenyewe.

Haifai, hata hivyo, kuisifu Japani kupita mipaka. Mchezo wao umejengwa juu ya kamari, na Kenya haina upungufu wa maradhi hayo. Wapo wanafunzi wa vyuo vikuu ambao karo yao imemezwa na simu ya mkononi. Wala kanuni hazikuwageuza Wajapani kuwa malaika: mwaka 2020 aliyekuwa mwendeshaji wa motaboti alikamatwa kwa kupanga matokeo ili wenzake wa nje wafaidike. Linalofaa kuigwa ni saa yao, wala si dau lao.

Kiswahili chenyewe kina neno linalokaa kati ya zile methali mbili. Neno hilo ni kuwahi. Anayewahi hakuchelewa, wala si lazima awe amekimbia. Amefika wakati ungali unafaa. Wahenga hawakugongana kauli. Mmoja alilinda upande mmoja wa mstari na mwingine akalinda upande wa pili, wakamwachia mwanadamu ile sekunde moja iliyo katikati. Kazi iliyobaki kwa wenye magari, vyama vyao na serikali ni kuhakikisha kwamba dereva anayeipita sekunde hiyo hulipa yeye, kabla abiria hajalipishwa.