Beni, Ngoma ya Mashindano

Ukisafiri kwa barabara kutoka Kilwa kwenda Lindi, unavuka mto Mbwemkuru, kisha unafika Kitomanga. Watu wa hapa ni wakulima. Wanalima mihogo, ufuta na korosho. Mavuno yakiisha, ngoma hulia. Siku hizi vijana huangalia pia ngoma za nchi nyingine katika simu. Moja inayowashangaza ni bendi ya Waskoti. Wapigaji wamevaa sketi, wamekumbatia mifuko, na mifuko inalia!

Ndugu msomaji, chombo kile ni ndugu wa zumari yetu. Mpiga zumari wa pwani hujaza hewa mashavuni ili sauti isikatike. Mskoti hujaza hewa katika mfuko, akaubana kwa mkono. Kila mwezi wa Agosti bendi hizo hushindana katika mji wa Glasgow. Waamuzi husikiliza zumari, husikiliza ngoma, kisha husikiliza kama vyote vinakwenda pamoja.

Zamani pwani yetu pia ilikuwa na mashindano ya bendi. Ngoma hiyo iliitwa beni. Ilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Watu waliwaona askari wa Kizungu wakipiga tarumbeta na kwenda gwaride. Wakaanzisha gwaride lao. Baadaye kundi moja la Mombasa liliitwa Scotchi. Walivaa sketi kama Waskoti, wakatengeneza na mifano ya zile zumari za mfuko.

Tanganyika makundi makubwa yalikuwa mawili, Marini na Arinoti. Kila kundi lilikuwa na Kingi wake, Jenerali wake na Kapteni wake. Wanawake nao walikuwa na vyeo. Vita ya 1914 mpaka 1918 ilikusanya askari na wapagazi wa makabila mengi. Waliporudi makwao, walirudi na beni. Ikaenea mpaka bandari za kusini.

Ushindi ulitafutwa kwa mavazi, kwa gwaride, kwa nyimbo za kejeli na kwa karamu. Kwa habari ya karamu, mimi bwana shamba sifurahi. Kundi lililotaka kuwashinda wenzao lilichinja na kupika hata likaingia katika madeni. Chakula kililiwa siku chache, deni likabaki.

Wapo wanaosema beni ilikuwa kuwaiga Wazungu tu. Mimi sikubali. Mwanachama akifa, kundi lilimzika. Mgeni Marini akifika mji asioujua, Marini wenzake walimpokea. Watu walichangishana fedha na kujiongoza wenyewe, wakati nchi ilikuwa mikononi mwa wageni. Serikali ya kikoloni iliuona umoja huo, ikaingiwa na wasiwasi, ikawa inawachunguza. Nani huchunguza mchezo wa kuiga tu?

Marini na Arinoti wamekwisha. Zanzibar, jina la beni limebaki kwa bendi za tarumbeta za harusini. Mkoa wa Ruvuma, kando ya Ziwa Nyasa, kuna mganda, ndugu wa beni. Wachezaji hujipanga safu kama askari, na kijiji hushindana na kijiji. Tarumbeta zao ni vibuyu. Kibuyu hutobolewa tundu, na tundu huzibwa kwa utando wa buibui. Mtu akiimba ndani yake, sauti hutoka nene kama ya tarumbeta. Vibuyu hata Kitomanga vinaota.