Jiko la Shangazi na Upepo wa Utemini

Najua nimeadimika, msinichambe. Nilikuwa na test mbili mfululizo, halafu nikapanda basi kwenda nyumbani Singida, na sasa nimerudi hosteli kila nguo kwenye begi inanuka vitunguu. Mada ya leo siyo mapenzi wala uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Ni jiko. Tena siyo kale kajiko ka umeme tunakokaficha uvunguni mlinzi akipita, nazungumzia jiko la nje, la kubeba sufuria ambalo mtoto wa darasa la pili anaweza kuoga ndani yake.

Wanaonifahamu wanajua nimelelewa na shangazi pale Utemini, Singida mjini, na kwamba sare zangu, madaftari na nauli ya kuja chuo vilitoka kwenye sufuria. Shangazi ni mpishi wa shughuli. Harusi, kipaimara, maulidi, msiba... kama umewahi kualikwa maeneo yale basi kuna uwezekano mkubwa umeshakula mkono wake. Ubwabwa, maharage, supu ya wale kuku wetu wa kienyeji wanaoipa Singida jina. Mali zake ni masufuria manne makubwa, miiko mirefu kama makasia, na mafiga. Mafiga hata habebi, anayakuta hukohuko kwa mwenye shughuli. (Singida jamani, mawe hatujawahi kupungukiwa.)

Sasa mwaka huu shule moja inayompa kazi ya mahafali ilimwambia wazi kwamba ndani ya geti hawataki kuona kuni. Haikuwa roho mbaya. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, ukomo ukawekwa 31 Januari 2024, na Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mwenye harusi uani kwake hakuna anayemsumbua. Lakini mahafali ndiyo kazi nene ya shangazi kwa mwaka mzima, kodi ya nyumba inatoka pale. Wakimpa mwingine mara moja tu, mwakani anayeitwa ni yule mwingine.

Akanipigia simu usiku, nipo na desa mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Wewe si ndiye unayesoma mambo ya moto huko? Niambie ninunue jiko gani."

Mambo ya moto! Nasoma ualimu wa fizikia, wadau. Lakini huwezi kumwambia shangazi kwamba swali lake liko nje ya silabasi. Alikuwa na laki tatu na nusu za kukopa kikoba, ambazo zinarudi na riba, mimi nikachomoa laki na nusu kwenye bumu. Mnalijua bumu letu, hela ya kula na kulala ilipandishwa 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe ni siku ngapi za kula maharage zilikwenda kwenye jiko hilo.

Nikaanza na hesabu, maana ndiyo silaha pekee niliyonayo. Singida iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. (Ndiyo maana maharage ya nyumbani yana kiburi.) Ukitaka lita 100 zitoke nyuzi 20 mpaka zichemke, unahitaji joto la megajuli kama 31. Kilo moja ya gesi ina megajuli kama 46, lakini kwenye jiko la wazi zaidi ya nusu inapotelea hewani, basi weka kilo moja na nusu ya gesi. Kuni kavu zina kama 16 kwa kilo, na mafiga matatu yanafikisha kwenye sufuria sehemu moja tu kati ya kumi hivi. Hiyo ni kama kilo 20 za kuni. Kwa maneno mengine kilo moja ya gesi inapigana na kilo 13 za kuni.

Nikamwomba shangazi apime mzigo wa kuni anaonunua kwa mizani ya muuza vitunguu. Majibu yakaja, na nitawaambia ukweli hata kama hautapendeza kwenye mabango: kwa bei anayonunulia yeye, kuni bado ni nafuu kuliko gesi. Siyo kwa kiasi kikubwa, lakini ni nafuu. Kinachobadilisha hesabu ni kijana wa kuchochea anayelipwa kutwa nzima, mvua inayolowesha mzigo, na ile shule. Na macho. Shangazi ana miaka hamsini na kitu, asubuhi ya baada ya shughuli macho yake huwa mekundu kama ya mtu aliyekesha UE. Hilo yeye mwenyewe hakulitaja kabisa, nalitaja mimi.

Majiko ya kuni ya kujengea, yale yenye bomba la moshi, nilimwondolea mapema. Ni mazuri sana kwa bweni, lakini ukishalijenga halihami, na shangazi anahamahama na toyo. Majiko ya umeme ya presha nayo yanakula umeme kidogo, ila nani atakuvutia umeme chini ya mwembe kwa sufuria la lita 100? Ikabaki gesi.

Hapa akaingia mshikaji wangu wa chumba. Huyu bwana anakesha kwenye video za mapishi za Wamarekani wa Louisiana, wale wanaochemsha kamba wa maji baridi kwa magunia. (Kamba haohao walipandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970, kwa hiyo siyo wageni kabisa Afrika Mashariki.) Akanionyesha mtambo wao: fremu ya chuma yenye miguu, kichwa kimoja cha gesi kinachonguruma kama ndege inataka kuruka, juu yake sufuria refu jembamba lenye kikapu cha matundu ndani. Kamba wanaiva, unanyanyua kikapu, unamwaga mezani, watu wanakula kwa mikono. "Mnunulie shangazi hili," akasema, "dakika chache tu maji yanatokota!"

Niliangalia ile video mara tatu, na kitu nilichokiona ni kwamba wale jamaa hawakorogi. Wanachemsha maji tu! Moto wote unapiga katikati na hakuna tatizo, maji yanajizungusha yenyewe. Sasa weka ubwabwa wa kilo 20 juu ya moto wa namna hiyo. Katikati unapata mkaa, pembeni mchele mbichi. Na ugali ndiyo usiseme, mpishi anausukuma kwa mwiko kwa nguvu zote za mgongo, sufuria lenye zaidi ya kilo mia, juu ya miguu myembamba iliyotengenezwa kwa kitu kinachokaa kimya. Likiinama siku hiyo hatupiki, tunapeleka mtu hospitali.

Basi mwezi uliopita nikaenda nyumbani, tukazunguka mjini mimi na shangazi. Duka moja walituwashia jiko zuri kweli, moto wa bluu, umenyooka, muuzaji anatabasamu. Nikamwomba alitoe nje. Akasema moto ni uleule. Nikasema sawa kaka, tuutazame huohuo ukiwa nje. Aliyewahi kukaa Singida anajua kilichofuata. Upepo wetu ni ule ambao watu wanafanya mipango ya kuufua umeme, siyo wa kuchezea. Moto wote ulilala upande mmoja kama nyasi, nusu ya sufuria haikuguswa, na kila upepo ukivuma kwa nguvu miale ya pembeni inazimika. Shangazi hakusema neno. Alizungusha kiganja chake pembeni mwa sufuria, upande huu, upande ule, akafunga kanga yake vizuri, tukaondoka.

Njiani ndipo akaongea. "Hilo litanipikia ukoko huku, na mchele wa kuku huku."

Tulichochagua mwishoni hakikuwa kizima dukani. Tulinunua kichwa cha moto peke yake, cha chuma kizito, chenye duara tatu na koki tatu, kila duara na ya kwake. Hiyo ndiyo sababu ya kukichagua na wala siyo ukubwa wa moto, kuna vingine vilivyonguruma zaidi. Kuchemsha maji unafungua zote. Ukishamimina mchele unazima ya katikati na ya pili, unabakiza duara la nje likiwa dogo, joto linazunguka ukingoni. Kisha tukaenda kwa fundi wa kuchomelea, akaunda fremu ya bomba nene, miguu minne iliyotanuka kwa chini, juu kimo cha goti tu. Fundi alitaka kuipandisha iwe "ya kisasa". Shangazi akasimama pale karakana, akashika fimbo kama mwiko, akaonyesha jinsi mtu anavyosonga ugali: lazima uwe juu ya sufuria, siyo sufuria iwe kifuani kwako. Fundi akakata miguu.

Na bati. Bati linazunguka jiko lote kama koti, limeacha nafasi ya vidole vinne kutoka kwenye sufuria ili hewa chafu itoke, na chini lina matundu ili moto upate pumzi, upande mmoja unafunguka kufikia koki. Kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyolipia. Tulijaribu uani, sufuria lilelile, maji kiasi kilekile, upepo wa saa kumi jioni. Bila bati, dakika 50 zimepita na maji yanatoa vipovu tu. Na bati, dakika 40 yanatokota. Mtajua wenyewe gesi ya dakika hizo inalipwa na nani.

Kwenye mtungi tulibishana kidogo. Shangazi alikuwa na mtungi wa kilo 6 nyumbani na akaona unatosha, gesi si ni gesi? Tatizo ni kwamba gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili igeuke hewa inavuta joto kutoka kwenye mtungi wenyewe. Jiko kubwa likivuta kwa kasi, mtungi mdogo unapoa, unatoa jasho, unaweza hata kuota barafu kwa nje, na moto unafifia wakati gesi bado imo. Hapo ndipo watu wanaulaza mtungi au kuumwagia maji ya moto. Kuulaza ni hatari kabisa, kimiminika kinaweza kuingia kwenye mpira. Tukachukua wa kilo 15, na regyuleta ya presha kubwa ya kufungulia kidogokidogo, maana ile ya jiko la nyumbani haiwezi kulisha kichwa cha namna hii. Mpira mrefu ili mtungi ukae mbali, upande ambao upepo unatokea. Kila kiungo tulikipaka povu la sabuni kabla ya kuwasha. Wa kilo 38 ungekuwa bora zaidi, lakini hela ilishaisha, na toyo nayo ina mipaka yake.

Nikadhani tumemaliza. Shangazi akauliza, "Na makaa ya kupalia nitayatoa wapi?"

Kimya. Wapishi mnajua, ubwabwa wa shughuli unakaushwa kwa makaa juu ya mfuniko. Kuni zinakupa makaa bure. Gesi haina makaa! Hakuna hesabu yangu hata moja iliyokuwa na mstari huo, na yeye alikuwa nao kichwani tangu siku ya simu. Akalitatua mwenyewe: maji kidogo kuliko kawaida, kitambaa kizito kisafi chini ya mfuniko, mfuniko ukandamizwe kwa jiwe, duara la nje peke yake, kisha anazima kabisa na kuacha koti la bati lishike joto. Alijaribu kwa kilo tano za mchele tukala siku mbili. Ladha siyo ileile, wadau. Ule ukavu wa juu wenye harufu ya moshi haupo. Yeye mwenyewe alionja, akatafuna polepole, akasema, "Wanafunzi watakula. Wazee wa Utemini watauliza."

Mahafali yalikuwa Jumamosi. Nilienda kama kijana wa koki. Alfajiri maji ya kunyonyolea kuku, hapo jiko lilifanya kazi kama mchezo, kwanza nililazimika kulipunguza maana maji yakichemka sana ngozi ya kuku inachanika. Kisha supu, kisha ubwabwa kwa awamu mbili. Maharage alishayachemsha nyumbani usiku kucha, kwa kuni, juu ya mafiga yaleyale. Aliniangalia nilipotaka kusema kitu, nikanyamaza. Gesi ya saa nne za maharage mimi ndiye ningeilipa?

Awamu ya pili ya ubwabwa upepo ulipanda vibaya, vumbi, mahema yanapiga makofi. Koti la bati lilitetemeka ila moto ulisimama. Mkuu wa shule akapita, akaangalia chini ya sufuria, akaangalia ukuta wake mpya usio na moshi, akaendelea na wageni wake. Hakusifu wala nini. Mhasibu alipolipa akauliza kama namba ya simu ya shangazi ni ileile.

Jioni tuliupima mtungi kwa mizani ya vitunguu, zimetumika kilo 8. Shangazi aliandika kwenye daftari la kikoba, ukurasa wa nyuma, chini ya deni. Jiko la pili anasema mpaka hilo la kwanza lijilipe, na sijui kama ataliweka kwenye harusi au litakuwa la mahafali tu. Jana amenipigia kuniambia fundi amepata wateja wawili wanaoulizia koti la bati kwa ajili ya majiko ya shughuli, na anataka nimsaidie kujua ni wapishi gani hao.