Mrembo wa Bagamoyo, Koti Jeupe na Vipele Ambavyo Havikuwa Vyekundu

Wanaomfuata Instagram wanamjua kwa koti jeupe, madera na picha za jua likichomoza ufukweni Bagamoyo. Yuko mwaka wa tatu wa udaktari, na mtaani kwao Dunda wameshaanza kumwita "dokta", na yeye wala hakatai. Kitu ambacho hajawahi kukiposti ni likizo ile aliyochemka.

Mtoto wa dada yake, miezi minane, alishikwa na homa, kikohozi, mafua, macho yanachuruzika. Alfajiri dada mtu akamgongea: "Mdogo wangu, wewe ndo dokta wetu, hebu mwangalie." Akaangalia. Kichwani alikuwa na picha ya kitabuni, mtoto wa Kizungu mwenye mashavu yaliyojaa madoa mekundu. Huyu wa kwao ni mweusi tii, wekundu hakuna. Akasema ni vipele vya joto, mpakeni poda.

Siku ya pili bibi akaja kutoka Kaole. Hata miwani hakuvaa. Akapitisha vidole nyuma ya masikio ya mtoto, akashuka shingoni, ngozi inakwaruza kama msasa.

"Surua hii, mjukuu wangu. Hukuiona?"

Wanafika hospitali, surua imeshaleta nimonia. Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akifikisha miezi 9, yaani alibakiza mwezi mmoja tu. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu. Aliyebaki anaumwa ni mama mdogo wake.

Aliporudi chuoni akakifungua kile kitabu upya, ukurasa kwa ukurasa. Ngozi nyeupe, nyeupe, nyeupe. Watu weusi walipotokea, wengi wako kwenye magonjwa ya zinaa. Jamani! Kitabu kinasomwa Tanzania, wagonjwa weusi, walimu weusi, halafu mgonjwa wa mfano ni Mzungu.

Katika kupekua mtandaoni ndo akakutana na Malone Mukwende. Huyu alikuwa mwanafunzi wa udaktari chuo cha St George's, London, kila akifundishwa dalili anauliza kwenye ngozi nyeusi inaonekanaje. Mwaka 2020, pamoja na wafanyakazi wawili wa chuo, akatoa kijitabu cha Mind the Gap, bure kabisa, chenye picha za ngozi nyeusi na ya kahawia. Mwaka huohuo watafiti wa Michigan, Marekani, wakaonyesha kwamba kile kimashine cha kubana kidole kupima oksijeni kinapitiwa na upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kimashine hichohicho ndicho alichobanwa yule mtoto. Dada wa watu hakulala.

Na ubaguzi hospitalini kwa huku kwetu si habari ya mbali. Wajerumani walipojenga Ocean Road, Dar, miaka ya 1890, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa hospitali yenye jina la Sewa Haji, tajiri wa Kihindi wa hapahapa Bagamoyo, ambaye ndiye aliyetoa hela. Kutoka hospitali hiyo ndo ikaja kukua Muhimbili. Mlango wa rangi ulifungwa zamani, ila picha za kitabuni hakuna aliyezigusa.

Basi akakusanya wenzake saba kwenye kundi la WhatsApp, wakamfuata mwalimu. Jibu la kwanza: mtihani unatoka kitabuni. Wakarudi. Safari hii wakamkumbusha kwamba Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi tangu 1992, wanakuja watu kutoka nchi kibao za Afrika. Kwa nini waanzie Ulaya? Mwalimu akanyamaza, halafu akasema: "Sawa. Leteni picha, lakini kwa ridhaa ya wenyewe."

Ya kwanza aliyoitaka ilikuwa kwenye simu ya dada yake, ile aliyompiga mtoto siku ya homa akamtumia baba yake. Akashuka Bagamoyo Jumamosi, akaomba.

Dada akaendelea kuchambua mchele. "Siku ile ulimwangalia mwenyewe kwa macho, hukumwona. Leo unataka picha?"

Hakujibu. Akavuta ungo wa pili, akakaa chini, wakachambua wote. Mchele ulipokaribia kuisha dada akamsukumia simu.

"Uso ukate. Shingo tu."