Pampu ya Pumu Siyo ya Kuficha, na Siyo ya Kuazimana

Wadau, leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Mastaa wapo, lakini nataka tuongee kuhusu pumzi.

Kuna dada mmoja wa mjini mnamjua. Jina silitaji hata mnibembeleze, kwa hiyo wapelelezi wa mitandaoni mpumzike tu. Ni mtu wa jukwaani, anaimba na kucheza mpaka jasho linamwagika, na asili yake ni kwetu, Kibiti. Kuna siku mtu alimpiga picha nyuma ya jukwaa akiwa na kitu mdomoni, picha ikasambaa. Wengine eti anavuta vitu vya ajabu, wengine eti hana siku nyingi, wengine eti mashetani ya kwao Rufiji yanadai chakula chao. Kumbe ni pampu ya pumu tu.

Zile komenti zilimuumiza kuliko anavyoonyesha. Alikuwa na pampu mbili kwenye mkoba. Moja ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka. Nyingine ya kila siku, asubuhi na usiku, yenye dawa mbili ndani yake. Baada ya picha ile akaanza kuiacha ya kila siku nyumbani. Akawa anatembea na ya bluu peke yake kwa sababu ni ndogo, inafichika kiganjani. Na kwa kuwa wiki za mwanzo hakubanwa, akajiambia kuwa amepona.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo niwaeleze hizo dawa mbili zinafanya nini. Nitatumia mfano wa kwetu. Mtu mwenye pumu, njia zake za hewa ni kama vijito vya delta. Vinaweza kuzibika kwa namna mbili: kingo zinabana, na tope linajaa chini. Dawa moja ndani ya pampu inalegeza misuli ya njia za hewa ili zipanuke, na kazi yake inadumu kama saa 12. Nyingine ni steroidi ya kuvuta, na hiyo ndiyo inayoondoa tope, yaani uvimbe na ute ndani ya mapafu. Msiogope jina. Steroidi hii siyo ile ya watu wa gym wanaotaka vifua. Ni kiasi kidogo, kinakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Lakini inafanya kazi polepole, siku hadi wiki, na ukiiacha, tope linarudi polepole vilevile. Ndiyo maana ukiacha leo, kesho hujisikii vibaya, unadhani umepona.

Kwa nini wakaziunganisha? Kuna sababu nzito. Mwaka 2003 huko Marekani utafiti mkubwa wa salmeterol, moja ya dawa za kupanua zinazodumu saa 12, ulisimamishwa kabla ya muda wake. Ilionekana kwamba miongoni mwa wagonjwa wa pumu waliopewa dawa hiyo, vifo vinavyotokana na pumu vilikuwa vingi zaidi kuliko kwa wale ambao hawakuipata. Fundisho likawa hili: mwenye pumu asitumie dawa ya kupanua ya muda mrefu bila steroidi. Zikiwa kwenye pampu moja, huwezi kuchukua ile inayokupa raha ukaiacha ile inayotibu. Na mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu ukaenda mbele zaidi, ukasema watu wazima na vijana wasitibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Ya bluu inafungua kifua, lakini tope haliondoi.

Sasa turudi Delta. Mwaka jana tulikwenda kwenye arusi ya ndugu, kisiwa kimojawapo ndani huko. Kwa wasiopajua, unatoka Dar, unapita Mkuranga, ukifika Bungu unakata kushoto kuelekea Nyamisati, halafu unapanda boti. Kule ndani hakuna barabara. Ni mito, vijito na mikoko, takriban hekta 53,000 za mikoko, kwa hiyo safari zinapangwa na maji. Maji yakijaa, boti inapita. Yakikupwa, vijito vinabaki tope na boti inalala ubavu.

Dada yetu alikuja na ya bluu peke yake. Mchana kutwa jikoni palikuwa na moshi wa kuni, sufuria za pilau zimepangwa safu. Jioni vumbi la ngoma. Saa saba usiku nikasikia mtu anakohoa nyuma ya nyumba, kukohoa kule kwa mfululizo kusikomaliza. Nilipofika alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka. Nikamuuliza, "Da' mkubwa, vipi?" Akanijibu maneno mawili, akavuta hewa, akajibu mawili tena. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi, wadau, huyo ana hali mbaya. Nahodha akaamshwa. Akatazama maji, akasema, "Mwanangu, maji yamekupwa. Mpaka alfajiri."

Shangazi mmoja mwenye huruma akaja mbio na pampu yake ya duara. "Mpeni hii, mie yanisaidia." Shangazi huyu amekausha samaki na kambamiti kwa moshi maisha yake yote, na mapafu yake yamechoka. Lakini ugonjwa wake siyo pumu. Ni ugonjwa sugu wa mapafu, ule ambao njia za hewa zimeharibika kwa miaka ya moshi, wa kuni au wa sigara, na hazirudi kama zamani. Pumu inakuja na kuondoka. Huu unabaki, na kila mwaka unakula kidogo. Utafiti uliofanyika kijijini hapa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018 uliwakuta nao zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi wenye miaka 35 na zaidi, na karibu wote hawakuwahi kuambiwa kuwa wanao.

Bahati nzuri palikuwepo mama mmoja, muuguzi mstaafu. Akaishika pampu ya shangazi, akaisoma, akamrudishia kwa adabu. "Dada, hii yako ni ya unga, na dawa yake inaanza polepole. Haimwokoi mtu aliyebanwa sasa hivi. Na yeye hapo alipo hana nguvu ya kuuvuta unga." Akaomba chupa ya maji ya nusu lita, akatoboa kitako kwa kisu cha moto, tundu la kukaa mdomo wa pampu kwa kubana, akaisuuza. Mdomo wa chupa kwa mgonjwa, ya bluu kule nyuma. Akampuliza mara moja, mgonjwa akavuta pumzi nne ndani ya chupa. Tena mara moja, pumzi nne. Mpaka mara nne. Wakasubiri dakika nne, wakarudia. Msidhani ni maajabu ya kienyeji: mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita ikitengenezwa vizuri inafanya kazi sawa na ile ya kununua, inayoitwa spesa.

Tulikaa naye hivyo mpaka maji yakaanza kuingia. Hakuna aliyelala. Alfajiri tukaondoka, tukafika Nyamisati, gari likatupeleka hospitali Kibiti, akapewa oksijeni na dawa. Alipona. Lakini mimi hesabu yangu ni hii: kama ungekuwa umebaki upepo wa mara mbili tu kwenye ile ya bluu, leo ningekuwa naandika kitu kingine.

Ndiyo maana nasema mtu wa Delta anaihitaji pampu ya kila siku kuliko hata mtu wa Sinza. Wa Sinza akibanwa anaita bodaboda. Wa kwetu anasubiri mwezi. Kama uokoaji uko mbali, kinga lazima iwe karibu.

Basi shikeni haya, niliyoyakusanya kwa yule mama muuguzi na kwa daktari aliyemhudumia dada yetu.

Kwanza, jua pampu yako ni ya aina gani. Ya kupuliza unaitikisa, unatoa pumzi nje taratibu, unabana midomo, unabonyeza huku unavuta polepole na kwa kina, kisha unashikilia pumzi ukihesabu mpaka kumi. Kama umeandikiwa mara mbili, subiri kama nusu dakika, tikisa tena. Ya unga huitikisi baada ya kuiandaa na hupulizi ndani yake, maana unyevu unagandisha unga. Hiyo unaivuta kwa nguvu na haraka. Watu wengi wanavuta ya unga taratibu kama chai ya moto, dawa inaishia mdomoni.

Pili, sukutua mdomo na koo, teme. Kila mara, usimeze. Steroidi ikibaki mdomoni inaleta utando mweupe wa fangasi na sauti kukwaruza. Dada yetu alikuwa anadhani sauti imekauka kwa sababu ya shoo nyingi. Waimbaji, MC, walimu na waadhini, hii ni yenu.

Tatu, usiitumie ya kila siku kuzima moto bila daktari kukuambia. Hapa panachanganya. Zipo zenye formoterol, hizo zinaanza kazi haraka, na daktari anaweza kukupangia uitumie kila siku na pia ukibanwa, kwa kiwango ambacho hutakiwi kukivuka. Zenye salmeterol siyo za kuokoa. Soma jina kwenye boksi, muulize mfamasia. Na ukizidisha dozi, moyo utakwenda mbio na mikono itatetemeka.

Nne, usiazime na usiazimishe. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anaweza kuwa kwenye dawa tofauti kabisa. Tena steroidi ya kuvuta kwa wagonjwa wa aina hiyo inaongeza uwezekano wa nimonia, kwa hiyo siyo kila mmoja wao anaihitaji. Shangazi akipata homa au makohozi yakibadilika rangi, asisubiri. Na yeyote anayekohoa wiki mbili na zaidi apime kifua kikuu kwanza kabla ya kununua pampu yoyote.

Tano, taja pumu yako kwa kila anayekuandikia dawa. Propranolol, inayotolewa kwa presha na mapigo ya moyo, inaweza kukubana vibaya. Hata baadhi ya matone ya macho ya presha ya jicho. Wajawazito, msiache pampu kwa hofu. Mama akikosa hewa na mtoto anakosa.

Sita, angalia namba. Pampu nyingi za kila siku zina kihesabio. Kikikaribia sifuri, nunua nyingine kabla ya kupanda boti. Ule mtindo wa kuitumbukiza kwenye maji uone kama inaelea, acheni, haupimi chochote na unaiharibu. Isikae juani, isikae kwenye dashibodi ya gari. Safarini ifunge kwenye mfuko wa plastiki, maji ya chumvi hayana urafiki.

Saba, Ramadhani. Kwetu hili ni kubwa, watu wanaacha pampu mwezi mzima. Kama dozi yako ni mara mbili kwa siku, muulize daktari kama inaweza kukaa kwenye futari na daku. Kuhusu pampu na saumu masheikh wana maoni tofauti, muulize wako. Lakini ukibanwa mchana, vuta. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua, siku atailipa.

Na dalili za kukimbia: huwezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, mbavu zinaingia ndani ukivuta, au nafuu ya ile ya bluu haifiki saa tatu nne. Hata kabla ya hapo, kama unaihitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki au unaamka usiku kwa kifua, pumu yako haijatulia. Rudi kliniki.

Najua mtasema pampu ya kila siku ni ghali na haipo kila zahanati. Kweli. Budesonidi na formoterol kwenye pampu moja ipo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu tangu mwaka 2017, lakini kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye kabati la zahanati ya kisiwani ni safari mbili tofauti. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Shangazi yetu anaukaribisha, ila ameniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Gesi nitapikia wali. Samaki nitawakaushia nini?" Wenye majibu, karibuni.

Mpaka hapo, naomba kitu kidogo kinachowezekana leo hii. Ukimwona mtu anavuta pampu kwenye daladala, usimpige picha. Mfungulie dirisha.