Deni la Nyumba Iliyofungwa



Mama mmoja wa hapa Pongwe alihamia nyumba ya kupanga iliyokuwa imefungwa muda mrefu. Akanunua LUKU ya shilingi 15,000, akapata umeme wa shilingi 3,000 tu. Alinijia akiwa na hakika kwamba ameibiwa. Nami, nakiri, nilikasirika pamoja naye kabla ya kuisoma risiti.

Shilingi 12,000 zilikuwa kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa katika LUKU: kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Nyumba ikikaa miezi minane bila kununuliwa umeme, deni halilali. Humngoja atakayenunua kwanza. Kabla ya kuhamia, ni heri kumwuliza mwenye nyumba umeme ulinunuliwa lini mara ya mwisho.

Bei ya umeme yenyewe haikuwa imebadilika. Kwa viwango vya EWURA vya mwaka 2016, mtumiaji mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila inayozidi, kabla ya kodi na tozo. (Twailaumu mita, na pasi tumeiacha ikiwaka.)

Lakini kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Tuliketi na mzee wa nyumba, risiti mezani. Akasema atamrudishia baadaye. Mama akauliza, kwa adabu, kama hiyo baadaye yaweza kuandikwa katika kodi ya mwezi ujao. Mzee akacheka, akaomba kalamu.